Albamu Isiyo na Mpiga Ngoma

Fulana zilikuwa zimekauka tangu asubuhi, lakini Wino aliendelea kuzigeuzageuza moja baada ya nyingine, kama mtu anayetafuta kasoro ili apate kisingizio cha kutotoka. Kasoro haikuwepo. Herufi nyeupe zilikaa barabara juu ya kitambaa cheusi: TURUDISHIENI KUTU. Mwenyewe alizichora, mwenyewe akasukuma rangi kwenye fremu mpaka mabega yakamwuma, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ya kuchapa fulana hakuwa na hamu ya kuona watu wakiivaa kazi yake.

Kutu ilikuwa bendi. Marafiki wanne wa mtaa mmoja, magitaa yao yakikwaruza kama mlango wa bati, wakipiga roki ambayo redio zote ziliikataa. Walirekodi wenyewe, wakauza wenyewe, wakabebewa spika na wapenzi wa muziki wao wenyewe. Wapenzi hao hawakuwa wengi, lakini waliipenda Kutu kama watu wanavyompenda mtoto aliyefukuzwa na ndugu.

Walikuwa na desturi moja. Kwenye onyesho la Kutu hakuna anayecheza. Unasimama, unakunja mikono kifuani, unasikiliza. Wimbo ukikupendeza unatikisa kichwa. Ukikushika roho unafumba macho. Mgeni aliyejisahau akatingisha kiuno alitazamwa mpaka akajikumbusha soda aliyoiacha nje, na huko nje akabaki. Watu walidhani ni heshima kwa muziki. Wino alikumbuka ilivyoanza: onyesho la kwanza lilikuwa kwenye chumba chembamba hivi kwamba ukinyoosha kiwiko unamtoboa mwenzako jicho. Chumba kilibadilika, mikono ikabaki imekunjwa.

Wino alikumbuka kila kitu. Alikumbuka nani alibeba spika begani chini ya mvua, na nani alilala kwake halafu leo anasimulia ile mvua kama aliyelowa. Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyomfanya apendwe na wachache na aogopwe na wengi. Na ndiyo iliyomfanya, mwaka huu, asilale vizuri.

Kutu walikuwa wametengeneza albamu mpya. Uvumi ulitangulia: ni ya kucheza. Magitaa yamepunguzwa, mdundo umeongezwa, na nyuma ya mdundo kuna kompyuta. Kwa wapenzi wa Kutu habari hiyo ilikuwa kama kuambiwa baba yako ameoa tena na hakukualika. Lakini nyumbani kwa kina Wino iliuma kwa namna nyingine, kwa sababu mpiga ngoma wa Kutu, yule waliyemwita Nyundo, alikuwa kaka yake.

Kifundo cha mkono wa kulia wa Nyundo kilivimba, kikapona, kikavimba tena, hadi daktari akamwambia achague: mkono au fimbo za ngoma. Bendi ilisema itamsubiri. Ikasubiri kidogo, kisha ikanyamaza, kisha siku moja mtu akamwuliza Mama sokoni kama ni kweli Kutu wameingia studio bila mpiga ngoma. Hivyo ndivyo habari ilivyofika nyumbani, kwa mdomo wa mtu anayechagua nyanya.

Na mwimbaji wa Kutu, yule mwembamba aliyezungukwa na nyaya za umeme tangu utotoni mpaka akaitwa Waya, ndiye aliyekuwa mchumba wa Wino. Nyundo alikuwa ameshazoea kumwita shemeji. Mama, ambaye hakuwa mwanamke wa maneno mengi, alimaliza jambo lile kwa sentensi moja. Alisema mtu aliyemwacha mwanawe kama kiatu kilichotoboka hamwoi binti yake.

Wino hakubishana. Damu ilikuwa inamchemka kuliko ya Mama. Waya alipokuja nyumbani wiki hiyo hiyo, Wino ndiye aliyemfungia geti, akamwambia hapa hakuna kitu chako, na akajisikia mrefu kama mlingoti. Urefu huo ulimdumu siku chache. Baada ya hapo kilichobaki ni chumba chake, dari yake, na sauti ya mtu fulani aliyekuwa akiimba huku akiosha uso.

Alizifunga fulana kwenye mfuko, akatoka.

*

Ukumbi ulikuwa ule wanaoukodisha kwa sherehe, na mchana ule wa Jumapili bado kulikuwa na maputo mawili ya jana yaliyonyauka darini. Kutu walikuwa wamewaita wapenzi wao wa zamani waisikilize albamu nzima kabla haijatoka. Hakutakuwa na kupiga ala. Kulikuwa na meza jukwaani, kompyuta, na spika mbili zenye urefu wa mtu.

Mwenyekiti alimpokea Wino mlangoni. Huyu alikuwa muuza viatu, na alipokusalimia alianza na miguu yako. Hakuna aliyewahi kumchagua kuwa mwenyekiti wa chochote. Alianza tu kuongea kwa niaba ya wengine, na wengine wakaona uvivu kumkatiza. Ndiye aliyeagiza fulana. Mpango wake aliurudia kwa kunong'ona kana kwamba ukuta unalipwa kusikiliza: wimbo wa tatu ukianza, kila mtu atavaa fulana yake, atageuka, ataligeuzia jukwaa mgongo. Kimya. Mpaka mwisho wa albamu.

"Na wewe utavaa wa kwanza," alimwambia. "Dada wa Nyundo akigeuka, nani atabaki anaangalia mbele?"

Wino alisema sawa. Akaanza kugawa fulana.

Alipoinua macho, Waya alikuwa jukwaani. Alikuwa amekonda zaidi, kama hilo lingewezekana. Shati lake lilikuwa lile la kijivu ambalo Wino aliwahi kulishonea kifungo cha rangi isiyolingana, na kifungo kilikuwa bado pale, chekundu, kikimwangalia. Waya alimwona. Hakutabasamu wala hakupunga mkono. Alimtazama kama mtu anavyotazama mwanga uliowashwa ghafla, macho yakikataa na yakitaka. Kisha akatazama mfuko wa fulana, akaelewa, akashusha pumzi.

Aliongea maneno machache tu kwenye kipaza sauti. Kwamba wataipiga yote. Kwamba baada ya hapo kila mtu atasema lake na hakuna atakayekatizwa. Akabonyeza kitufe, akarudi nyuma, akasimama na mikono pembeni kama mshtakiwa.

Wimbo wa kwanza ulianza na gitaa, na watu wakapumua kwa nafuu. Lakini gitaa lilikuwa limechujwa, likidondoka tone moja moja kama maji kwenye ndoo, na chini yake ikaingia besi ambayo hukuisikia kwa sikio. Iliingilia kwenye nyayo. Watu walitazamana. Mwuguzi mmoja aliyekuja na sare yake alisema kwa sauti ya kusikika kwamba huu ni muziki wa saluni. Msusi aliyesimama karibu yake akamjibu kwamba saluni yake ingeshukuru, wateja wake wamechoka kusukwa huku redio ikiwagombeza. Jamaa mmoja mwenye ndevu alisema anajisikia kama amemkuta mwalimu wake mkuu amevaa kaptura. Kijana mwingine alikuwa analia waziwazi, na alipoulizwa kama ni kwa furaha au kwa hasira alisema hajui, waachane naye.

Wimbo wa pili, watu watatu walitoka nje na kuhakikisha mlango unagonga. Waliobaki walikunja mikono kwa nguvu zaidi. Wino alikunja yake mpaka kucha zikamwingia.

Wa tatu ukaanza kwa ukimya mrefu. Mwenyekiti akainua kidole.

Wino akachukua fulana, akaitumbukiza kichwani. Na hapo, kichwa chake kikiwa ndani ya kitambaa cheusi, haoni kitu, ananusa rangi yake mwenyewe, ngoma zikaingia.

Hakumaliza kuvaa.

Alisimama hivyo hivyo, mikono juu, uso umefunikwa, kwa sababu aliyekuwa anapiga ngoma zile hakuwa mashine. Mashine haichelewi. Huyu alichelewa, mkono wa kushoto ulikuja nyuma ya wa kulia kwa nafasi ndogo kama ya kumeza mate, kila mara, bila kukosa. Dunia nzima ilikuwa na mtu mmoja anayepiga hivyo. Alikuwa amejifunza kwenye stoo nyuma ya sebule yao, kiti kimebanwa na ukuta, na ili asigonge kiwiko alilazimika kuuzungusha mkono wa kushoto kwa nje kabla ya kuushusha.

Na kila ngoma kubwa ilipopigwa, kitu kililia nyuma yake, kidogo, kama mvua ya vioo. Nje ya fulana Wino alisikia mtu akiuliza hiyo ni kompyuta gani inayotoa sauti tamu namna hiyo. Haikuwa kompyuta. Lilikuwa kabati la vyombo la Mama, lililokuwa upande wa pili wa ukuta wa stoo, sahani na bilauri zikitetemeka rafuni kama zilivyotetemeka miaka yote ile, Mama akigonga ukuta kwa mwiko na kuwaambia wamwache apumzike.

Sebule yao ilikuwa imejaa ukumbi mzima. Ilikuwa imekua, imekuwa kubwa kuliko paa, na katikati yake kaka yake alikuwa anapiga kwa mkono usiovimba, usiochoka, usiojua daktari. Alipiga, ngoma ikarudi, akapiga tena, ikarudi tena, na kila iliporudi ilikuwa kama imekuja kumchukua mtu. Nywele za mikono zilimsimama Wino. Alitaka kucheka, alitaka kupiga magoti. Hakuwahi, katika maonyesho yote aliyosimama mbele upande wa kulia, kusikia kaka yake akipiga vizuri kiasi hiki, na kaka yake alikuwa nyumbani ameketi.

Alipovuta fulana chini na uso ukatoka, aliona kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona kwenye onyesho la Kutu. Msusi alikuwa ameshusha mikono. Haikuwa dansi bado. Mabega tu yalikuwa yanaulizana. Kisha mwuguzi. Kisha yule mwenye ndevu, akiwa ameinamisha kichwa kwa aibu, kiuno kikifanya mambo yake bila kumwomba ruhusa. Mikono ikakunjuka ukumbini mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama watu wanaoamka. Wengine walikuwa wamevaa fulana za TURUDISHIENI KUTU na walikuwa wanacheza nazo. Hata Mwenyekiti, aliyekuwa ameshaligeuzia jukwaa mgongo, alikuwa peke yake ukutani, na kiatu chake cha kushoto kilikuwa kinagonga sakafu.

Si wote. Kona moja walibaki wamekunja, wameuma meno. Lakini nao walikuwa wamenyamaza kama watu walio mbele ya kitu kikubwa wasichokipenda.

Kisha hasira ikamfikia Wino, imechelewa kama mkono wa kushoto wa kaka yake, na kwa hiyo imekuja na uzito wote. Alipita katikati ya watu, akapanda jukwaani, akamshika Waya kifundo cha mkono na kumtoa kwa mlango wa nyuma.

*

Ilikuwa korido ya viti vya plastiki vilivyopandishwa mpaka dari. Mlango ulizuia nusu ya muziki. Besi ilipita ukutani.

"Umemwiba kaka yangu," alisema.

"Ndiyo."

"Usinijibu ndiyo upesi hivyo, kama mtu anayetaka kusamehewa kabla sijamaliza."

"Maliza."

Wino alimaliza. Alimsomea yote aliyoyabeba mwaka mzima: spika, mvua, stoo, Mama na nyanya zake sokoni, Nyundo aliyekuwa akiangalia mpira kwenye runinga amezima sauti kwa sababu hata muziki wa matangazo ulimkata maini. Aliongea bila kupaza sauti, na hiyo ndiyo iliyomtisha Waya. Alimwuliza mikono ya mtu inachukuliwaje, inakatwa vipande, inatembezwa mbele ya watu, na mwenyewe yuko nyumbani anadhani ametupwa.

Waya alieleza kwa kujikwaa. Walijaribu mashine kwanza. Ilipiga sawasawa kabisa na nyimbo zikafa zote. Walijaribu wapiga ngoma wengine, hodari, na kila mmoja aliondoka akisema huyu mnayemtafuta simjui. Ndipo akakumbuka kwamba enzi za stoo alikuwa anarekodi kila zoezi, kwa tabia tu. Akaanza kusikiliza. Akasikia zile sahani. Alikaa studio akilia kama mtoto, halafu akaanza kukata.

"Zote ni zake?" Wino aliuliza.

"Albamu nzima. Hakuna pigo hata moja lisilo la Nyundo."

"Na hukumwambia."

"Nilikuja kwenu."

"Nakumbuka. Nilikufungia geti."

Waya alitazama viti. "Ulidhani nimekuja kwa ajili yako."

Wino alihisi uso ukimwaka.

"Siku ile nilikuja kwa Nyundo," Waya alisema kwa upole. "Nilitaka kumwomba. Ukaniambia hapa hakuna kitu changu, na nikaona kweli, hakuna. Nikaondoka."

Kwa mwaka mzima Wino alikuwa akijipa moyo na geti lile. Usiku alipomkosa Waya alijikumbusha jinsi alivyosimama, jinsi alivyosukuma komeo, na akajiona mtu. Kumbe geti lile hakulifunga kwa ajili yake mwenyewe tu. Alimfungia kaka yake nje ya habari yake mwenyewe. Ilimwuma kama maji ya moto, na kwa kuwa ndivyo alivyo, maumivu yakageuka hasira papo hapo, ila safari hii nusu yake ilikuwa ya kujilaumu.

"Mimi nilikosea geti," alisema. "Wewe umekosea mwaka. Una simu. Una miguu. Una mdomo unaojaza ukumbi. Ulinyamaza kwa sababu uliogopa atakataa, na nyimbo zako zingekufa."

"Ndiyo," Waya alisema mwishoni, na safari hii hakuisema upesi.

"Basi twende nyumbani sasa hivi. Na muziki huu usipigwe tena popote mpaka mwenye mikono aseme."

"Akikataa naifuta."

Wino alimtazama machoni akitafuta uongo. Kutoka ukumbini miguu ya watu ilikuwa inatikisa sakafu; mtu alikuwa anaomba kwa sauti wimbo wa tatu urudiwe.

"Hata na hao wanaocheza?"

"Hata na hao."

Uongo haukuwepo. Kulikuwa na hofu tu, na nyuma ya hofu kitu ambacho Wino alikifahamu na ambacho hakutaka kukitazama kwa muda mrefu.

*

Jua lilikuwa bado juu walipofika. Mama alikuwa mezani anachambua mchele kwenye sinia. Nyundo alikuwa kwenye kochi, bandeji kwenye kifundo, anaangalia mpira kimya kimya.

Waya aliamkia. Mama aliitika marahaba kwa sababu salamu lazima ijibiwe, lakini kiti hakumkaribisha, na mchele ukaanza kuchambuliwa kwa kishindo. Alimwuliza Wino, bila kumtazama mgeni, kama siku hizi nyumba hii imekuwa kituo cha basi.

Waya alisimama katikati ya sebule na kidude cha spika mkononi, si kikubwa kuliko ndizi mbili.

"Nyundo," alisema, "nilichukua mazoezi yetu ya zamani. Nimekata ngoma zako, nimetengeneza albamu juu yake. Sikukuomba. Nimekuja kuomba."

Nyundo hakugeuka. Kwenye runinga mtu alikuwa anaanguka na kugaagaa bila sauti. Kisha akasema neno moja.

"Weka."

Waya akaweka spika mezani, kando ya sinia.

Ukimya ule wa mwanzo wa wimbo wa tatu ulikuwa mrefu sebuleni kuliko ulivyokuwa ukumbini. Kisha ngoma zikaingia. Mama aliendelea kuchambua, akatupa jiwe, akatupa jingine, halafu kidole chake kikasimama hewani.

"Hivyo ni vyombo vyangu," alisema.

Aliinuka akaenda kabatini. Akashika kioo cha mlango kwa kiganja. Vyombo vilikuwa vimetulia, hakuna kinachotikisika, na bado vilikuwa vinalia mezani kutoka kwenye kile kidude. Mama alibaki pale na kiganja kwenye kioo. Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeitwa jina na asimwone anayemwita.

Nyundo alikuwa amekaa wima. Alisikiliza kama mtu anayesikia akizungumzwa chumba cha pili na hajui bado ni kwa wema au kwa ubaya. Mkono wa kulia uliofungwa ulilala gotini. Wa kushoto uliinuka wenyewe, ukazunguka kwa nje, ukashuka pajani, umechelewa, palepale ulipochelewa mwenzake wa zamani.

"Rudisha," alisema.

Waya akarudisha.

"Hapo. Nimekosea hapo."

"Najua."

"Kosa lile nimehangaika nalo miaka yote. Nilikuwa nalala nalifikiria. Kwa nini hukulikata?"

"Ndilo linalowachezesha," Waya alisema.

Nyundo akamgeukia kwa mara ya kwanza. "Linawachezesha nani?"

"Watu wetu," Wino aliingilia. "Kaka, walikunjua mikono. Mwenyekiti amegonga mguu. Nimeona kwa macho yangu. Mwenye ndevu kiuno kilimtoroka."

Nyundo alicheka, na kicheko kikamvunjikia katikati. Aliufunika uso kwa mkono wa kushoto. Hakuna aliyemsogelea. Mama alikuwa bado kabatini, machozi yakimshuka bila haraka, na wimbo ulikuwa unaendelea, mikono ile isiyochoka ikipiga na kupiga ndani ya chumba kilichoizaa.

Ulipoisha, Nyundo alikuwa amekauka macho na amekasirika.

"Mwaka mzima naangalia mpira bila sauti," alimwambia Waya. "Ungeniambia niko hai. Hilo tu. Ningekukatalia, ningekutukana, halafu ningekubali. Umeninyima hata matusi yangu."

Waya alisema hana cha kujitetea.

"Mwisho wa wimbo umeukata vibaya. Umenikata kabla sijavuta pumzi. Kesho asubuhi nakuja studio, nakaa pale mezani, na hakuna kinachokatwa nisipokuwepo. Mkono wa kubonyeza kitufe bado ninao. Na jina langu liandikwe juu ya lako."

"Juu."

"Na langu je?" Mama aliuliza kutoka kabatini, akijifuta kwa upindo wa nguo. "Vyombo ni vya nani?"

Wote wakacheka, hata Waya, kwa woga. Mama akavuta kiti cha mezani, akakifuta vumbi ambalo halikuwepo. "Kaa basi," alimwambia. "Umesimama kama nguzo, unanizuilia mwanga."

Waya akakaa. Nyundo akaomba wimbo urudiwe, akanyoosha miguu, akasema, bila kufikiri, "Shemeji, ongeza sauti kidogo."

Neno lile lilitua mezani. Mama akainama kwenye mchele wake. Waya hakuthubutu kuinua macho.

"Shemeji nani?" Wino aliuliza.

Hakungoja jibu. Alitoka akasimama barazani, na kama alivyojua, hatua za Waya zikamfuata. Mtaa ulikuwa katika saa yake ya kawaida ya Jumapili: jirani wa ng'ambo anaanua nguo, mzee wa kona anaosha baiskeli, wanawake wawili wamesimama kuagana kwa namna isiyo na mwisho.

Waya alianza kusema kwamba alidhani, kwa kuwa Nyundo amekubali, na Mama amempa kiti, labda.

"Ya Kaka umemaliza," Wino alimkatiza. "Yangu hujaanza. Wewe umezoea kuchukua kimyakimya, ukitumaini watu watapenda wakishasikia. Wamependa. Nimependa mimi mwenyewe. Nimesimama pale na fulana kichwani nimesahau jina langu. Lakini mimi si zoezi la stoo. Mimi niulize."

Mtu aliyeimba mbele ya kumbi zilizojaa alisimama mbele yake hana pa kuweka mikono. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ya chini ya pumzi, kama angependa kuwa naye tena, mbele ya watu wote, kwa jina lolote watakalolitaja.

"Sijasikia," Wino alisema.

Waya akatazama mtaa. Akavuta pumzi kutoka tumboni, pale anapovuta kabla ya wimbo, akauliza kwa sauti iliyomfanya mzee wa baiskeli aache kitambaa na jirani asimame na shuka mikononi. Wale wanawake wawili wakaacha kuagana. Ndani, Nyundo alipunguza muziki.

Wino alikuwa amemsikia tangu mara ya kwanza. Alisimama akimtazama yule mtu mwembamba, amewiva uso, mbele ya mtaa mzima, na moyo wake ukamjaa hata ukakosa nafasi ya jibu.

Akamwacha arudie.